Mshindi wa Mazoezi

Sanduku lilifunguliwa mbele ya wafadhili, na badala ya ndege wa shaba ikatoka chupa ya maji.

Ilikuwa chupa ya plastiki iliyojazwa mchanga hadi shingoni na kuzungushiwa utepe mweusi. Mtu alikuwa ameiviringisha ndani ya kitambaa chekundu cha tuzo, polepole, kama anayemfunika mtoto aliyesinzia. Mkurugenzi wa hafla aliitoa, akaigeuza, akalitaja jina la Mungu. Kisha akaketi sakafuni na suti yake mpya.

Inspekta alipofika eneo la tukio, mkurugenzi bado alikuwa ameketi pale pale.

"Nyanyuka, ndugu yangu," alisema Inspekta. "Sakafu haijaiba kitu."

Hakusema kwa utani. Alikuwa ametoka kwenye kesi ya moto sokoni, hajalala vizuri, na miguu yake ilikuwa imevimba hadi kamba za viatu zimeacha alama. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. Askari wake walimwita Mama Jalada, kwa sababu hakuwahi kulifunga jalada ambalo moyo wake haujaridhika nalo. Jina hilo hakulipenda, lakini hakuwa na nguvu za kulikataa.

Jioni ile ile, ukumbi ule ungejaa watu waliovaa vizuri. Zilikuwa Tuzo za Televisheni za kila mwaka: mwigizaji bora, msomaji habari bora, mpiga picha bora, na mwisho kabisa Tuzo ya Maisha. Hiyo ndiyo iliyoibwa. Mwaka huu alikuwa apewe mtangazaji mzee wa kipindi cha watoto, ambaye watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mjomba.

"Afande, Mjomba ndiye aliyenifundisha kuhesabu," alisema Koplo kwa huzuni. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na watoto watano, na hakuwahi kukosa tamthilia ya jioni.

"Ndiyo maana hesabu zako hazijawahi kutulia," alijibu Inspekta. "Piga picha sanduku. Hiyo chupa ni kielelezo, usiiguse bila glavu."

Waliingia ukumbini. Inspekta alisimama ghafla. Viti vyote vya mbele vilikuwa na watu wa karatasi: picha kubwa za nyuso zimebandikwa kwenye maboksi, kila moja kwenye kiti chake, zote zikitabasamu.

"Ni za mazoezi, Afande," alieleza mkurugenzi. "Wapiga picha wajue nani anakaa wapi. Wenyewe hawaji mazoezini."

"Na chupa?"

"Hiyo ni tuzo ya mazoezi. Hatuwezi kuchezea tuzo halisi. Mshereheshaji anasema, 'Na mshindi, kwa mazoezi tu, ni fulani.' Basi mtu wetu anainuka kwenye kiti cha huyo fulani, anapanda jukwaani, anapokea chupa, anashukuru."

"Mtu wenu nani?"

"Tunamwita Kivuli. Ndiyo kazi yake, kusimama mahali pa wengine. Ukimwambia awe mfupi, anakuwa mfupi. Ukimwambia awe waziri, unaweza kumpigia saluti."

"Anamshukuru nani?"

"Yeyote. Muhimu ajaze muda, kamera zipate pembe zao."

Inspekta aliketi kiti cha pembeni, karibu na uso wa karatasi wa msomaji habari, akalegeza viatu.

"Tuzo halisi ililetwa lini?"

"Jana, mazoezi yalipokwisha. Mchongaji alichelewa. Tuliipokea watu wawili, mimi na Mzee wa Stoo. Nikaifunga sandukuni mwenyewe."

"Nani mwingine aliiona?"

"Hakuna. Miaka yote tuzo hii ilikuwa nguzo ndogo tu. Mwaka huu ni ndege, bawa moja limeinuka juu. Tulitaka watu waione leo kwa mara ya kwanza." Akagusa plasta ndogo upande wa kushoto wa kidevu chake. "Nzito kama dhambi. Niliibeba vibaya, ncha ya bawa ikanichana hapa."

Inspekta aliitazama ile plasta. Alikuwa amedhani ni wembe.

"Sanduku lilipangwa kufunguliwa lini?"

"Jioni, kabla ya hafla. Ila wafadhili walikuja asubuhi wakataka kuiona. Mtu anayekulipia taa humwambii arudi jioni."

*

Mzee wa Stoo alikuwa tayari ndani ya gari la polisi. Askari wa zamu walikuwa wamemweka humo kabla Inspekta hajafika, kwa hesabu nyepesi: stoo ina ufunguo mmoja, na ufunguo ni wake. Alikuwa astaafu mwisho wa mwezi. Wenzake walikuwa wameshamchangia saa ya mkononi ya kumuagia.

Inspekta aliingia, akakaa kando yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Ufunguo jana ulikuwa kwa nani?"

"Kwangu."

"Muda wote?"

"Muda wote."

"Hukuuweka mahali, ukausahau?"

"Mimi? Tangu niajiriwe ufunguo haujatoka mwilini mwangu."

"Mzee, hapo unajifunga kamba mwenyewe."

"Basi ivute."

Inspekta alishusha pumzi. Uongo wa mwizi huwa na milango mingi ya kutokea. Uongo huu ulikuwa ukuta mtupu, na mzee ameuegemea kwa sababu hana pengine pa kuegemea.

Mtaalamu wa alama za vidole hakuwa na habari njema. Kwenye sanduku kulikuwa na alama za mkurugenzi na za Mzee, na michirizi ya mtu aliyeshika kwa kitambaa.

"Na kwenye chupa?"

"Afande, chupa imeshikwa na jengo zima."

Akaitwa Nyota. Huyu alikuwa mwigizaji wa tamthilia ya jioni, na jana yake, baada ya kuambiwa kwamba hatapewa nafasi ya kusema neno kumhusu Mjomba, alikuwa amefoka mbele ya watu kwamba tuzo hiyo haitafika mikononi mwa yule mzee. Aliingia akiwa na miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Ulitamka maneno hayo?"

"Niliyatamka. Nina hasira, sina mkono mwepesi."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Redioni, kipindi cha moja kwa moja. Niliongea mpaka wakanikatia maikrofoni."

"Ni kweli, Afande," Koplo alidakia. "Nilikuwa nasikiliza. Aliongea sana."

Nyota aligeuka, akavua miwani. "Na umeonaje?"

"Sana mno," alisema Koplo.

Inspekta alikuwa ameshafumba macho. "Nenda, bwana. Na Mjomba akifika, mwombe radhi. Hasira ni hasara, na wewe bado unataka kazi mjini."

*

Katika chumba cha kuongozea kamera aliomba aonyeshwe mazoezi ya jana. Hakuwa na sababu kubwa. Alitaka mahali penye giza kidogo na kiti kinachorudi nyuma.

Kwenye skrini, mwanamke mwembamba aliinuka kutoka kiti cha mwigizaji bora wa kike. Alipanda ngazi akinyanyua gauni ambalo hakuwa amelivaa. Akachukua chupa kwa mkono mmoja, shingoni, kama mtu anayeenda kumwagilia maua, akashukuru. Dakika chache baadaye aliinuka tena, sasa ni mpiga picha mwenye aibu. Kisha msomaji habari mwenye kifua mbele. Alishinda kila kitu. Kila mara alitembea mtembeo mwingine, na kila mara hotuba yake iliishia mahali pale pale.

"Na namshukuru mama yangu, aliyenifundisha kusoma kwa vidole kabla sijasoma kwa macho."

Mkurugenzi alicheka kichovu. "Huyo mama hushukuriwa kila mwaka. Tumeshamzoea kama shangazi."

"Kwa vidole maana yake nini?"

"Sijui. Sijawahi kumuuliza."

Miaka yote hiyo, Inspekta aliwaza, na hakuna aliyemuuliza.

"Niitieni huyo Kivuli."

Alikuja akijifuta mikono kwenye sketi. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, na uso ambao ungeusahau ukiwa bado unautazama. Hakungoja aulizwe.

"Afande, Mzee wa Stoo amepewa dawa zake?"

"Dawa gani?"

"Za presha. Hunywa mchana na chai. Ziko kwenye mfuko wa koti lake."

"Na koti liko wapi?"

Kivuli alijifuta mikono tena. "Chumba cha chai."

Koplo alitumwa. Alirudi na koti kuukuu la kijivu, zito mifukoni. Alitoa dawa kutoka mfuko mmoja. Kutoka mfuko wa pili alitoa kishada kizima cha funguo, kikalia kama kengele.

"Lilikuwa limetundikwa msumarini, Afande. Wanasema hukaa hapo siku zote. Mzee husikia joto."

Inspekta alizitazama funguo. Kwa hiyo ule ulikuwa ndio ukuta. Mzee hakuwa anamficha mwizi. Alikuwa anaficha msumari. Afadhali aitwe mwizi kuliko kuambiwa, siku chache kabla ya kuagwa, kwamba maisha yake yote alikuwa akiacha ufunguo ukutani.

"Mpelekee dawa," alisema. "Na chai. Yenye sukari ya kutosha."

Kisha akajikokota hadi mbele ya ukumbi, akawaita wote.

"Nataka kuona mwisho wa mazoezi. Kila mtu asimame alipokuwa jana. Kuanzia Tuzo ya Maisha."

"Chupa mmeichukua, Afande," alisema mkurugenzi.

"Mtapokezana hewa."

Hakuwa na mtego wowote akilini. Alitaka tu kujua nani alikuwa karibu na mlango wa kwenda chumba cha chai. Baadaye Koplo aliapa kwa wenzake kwamba Mama Jalada alikuwa amepanga kila kitu, naye hakumkatalia. Kukataa pia ni kazi.

Mshereheshaji alikohoa. "Na mshindi wa Tuzo ya Maisha, kwa mazoezi tu, ni... Mjomba!"

Kivuli aliinuka katika kiti chenye uso wa karatasi wa Mjomba. Mara akawa mzee. Goti moja likakataa, mgongo ukapinda, tabasamu likaja polepole kama mtu anayefungua mlango wa nyumba yake. Alipanda ngazi, akasimama juu ya alama ya utepe sakafuni, akageukia kamera. Mshereheshaji akanyoosha mikono mitupu.

Kivuli akapokea.

Mkono wa kulia ulipita chini, ukabeba kitako. Wa kushoto ukatulia mbele, juu kidogo, kwenye kifua cha kitu ambacho hakikuwepo. Mabega yakashuka kwa uzito. Na kidevu chake, bila yeye kujua, kikakwepa upande wa kulia, mbali na ncha fulani hewani.

Koplo alipiga makofi. "Jamani! Nimeiona kabisa!"

"Hata mimi," alisema Inspekta.

Akamtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ameshika plasta kwenye kidevu chake, upande wa kushoto, na mdomo wake ulikuwa wazi.

*

Aliwatoa wote nje, akabaki na Koplo na mwanamke yule katikati ya nyuso za karatasi.

"Keti. Unayo haki ya kunyamaza. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Jana kwenye mazoezi, chupa uliibeba vipi?"

"Kwa mkono mmoja."

"Na leo?"

Kivuli aliitazama mikono yake. Ilikuwa bado imekaa mapajani kama inayopakata kitu. Ndipo alipoelewa. Hakulia. Alitabasamu kidogo, kwa uchungu, kama fundi aliyeona mshono wake mwenyewe.

"Sijui kuigiza kitu vibaya," alisema. "Nikishakishika, mwili haudanganyi tena."

"Uliichukua lini?"

"Jana, watu walipotoka. Ufunguo niliutoa kwenye koti, nikaurudisha. Nilikuwa niirudishe leo asubuhi na mapema. Nilijua sanduku halifunguliwi mpaka jioni."

"Mbona hukuirudisha?"

"Mama alikuwa amelala ameikumbatia. Nikasema nimwache kidogo. Nikasema nitaikimbilia nyumbani mchana. Nilipofika kazini, nyinyi mko mlangoni."

"Na Mzee wa Stoo ndani ya gari."

Hapo ndipo alipolia. "Nimekuwa nikihesabu pumzi zake toka asubuhi, Afande. Kila nikifungua mdomo nikisema sasa, naona uso wa mama."

Inspekta alimpa kitambaa. "Nieleze kuhusu mama."

Kisa hakikuwa kirefu. Miaka miwili nyuma, kituo kilirusha tangazo la hafla, na kwa haraka wakatumia picha za mazoezi: Kivuli jukwaani, mikono juu, akimshukuru mama yake. Mama, ambaye macho yalikuwa yamekwisha kufa, aliisikia sauti ile kwenye televisheni ya jirani. Hadi Kivuli anarudi nyumbani, mtaa mzima ulikuwa mlangoni ukipiga vigelegele.

"Nilitaka kumwambia kesho yake. Kesho ikawa mwaka. Kila mgeni akija anaambiwa, huyu mwanangu ni mshindi. Akiniuliza kombe liko wapi, namwambia liko kazini, linatunzwa. Sasa daktari ametuambia tukae naye nyumbani tu, hospitali haina la kumfanyia. Juzi akaniambia, 'Sitaki kingine, mwanangu. Nataka kulishika mara moja.'" Alikikunja kitambaa. "Nimeshinda kila tuzo ya ukumbi huu, Afande. Kila mwaka. Sijawahi kurudi nyumbani na hata moja."

Koplo aliangalia dari kwa muda mrefu.

Inspekta alivaa viatu vyake, jambo lililochukua muda. "Koplo, mwachie Mzee wa Stoo. Mwambie mwizi alivunja kitasa."

"Lakini Afande, kitasa kizi..."

"Mwambie hivyo yeye. Jaladani nitaandika koti. Sitaki ausikie msumari kutoka kwangu."

*

Kivuli na mama yake walikaa chumba kimoja na sebule, nyuma ya duka la magodoro. Ndani palinukia dawa ya kuchua na sabuni. Mwanamke mzee alikuwa kitandani, ameegemezwa kwa mito, na shuka lake lilikuwa limeinuka kifuani. Bawa la shaba lilichungulia juu ya pindo.

"Umerudi mapema, mwanangu. Na nani?"

"Wageni, Mama."

"Wageni wenye viatu vizito."

"Shikamoo, mama," alisema Inspekta.

"Marahaba. Kaa. Umechoka wewe, nasikia unavyosimama."

Inspekta alikaa. Njia nzima alikuwa ameutengeneza uongo mmoja mdogo, na sasa aliutoa, kwa sauti ya kiofisi.

"Mama, nimetumwa na waandaaji. Tuzo inatakiwa jioni hii, ikaandikwe jina la mwanao. Itarudi."

Bibi mzee alicheka, kicheko kilichoishia kikohozi.

"Jina lipo tayari. Lete mkono." Akakishika kidole cha Inspekta, akakipitisha chini ya kitako cha ndege, ambako herufi ziliinuka kidogo. "Nilipanga herufi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu usichana mpaka macho yakafa. Usiku tulikuwa hatuna taa, huyu nikamfundishia herufi kizani, kwa kumpapasisha. Hili si jina lake. Ni la yule Mjomba wa watoto."

Kivuli alishika mlango.

"Ulijua?"

"Tangu uliponiwekea mikononi."

"Mbona hukusema kitu, Mama?"

"Ulikuwa umesimama hapo mbele ya kitanda, unanisomea hotuba. Mtu hakatizwi akiwa anashukuru." Vidole vyake viliendelea kutembea juu ya manyoya ya shaba. "Na huyu ni askari. Viatu hivyo havitembelei wagonjwa."

"Ni mimi niliyeiba, Mama."

"Nimeshasikia, sijafa masikio." Akaugeuza uso upande wa Inspekta. "Mtamfunga?"

"Sijui, mama. Hilo si langu. Langu ni kuandika, nami nitaandika yote, hata hili. Maelezo yake nitayachukua hapa hapa mezani. Leo atalala na wewe kwa dhamana yake mwenyewe. Kesho asubuhi ataripoti kituoni, na jirani yenu atakaa nawe."

"Asante kwa kutonidanganya mara ya pili."

Inspekta aliona haya, lakini hata haya yake yalikuwa yamechoka.

Nje gari lilinguruma. Koplo alichungulia, akaonyesha saa yake, akarudi. Ukumbini watu wa karatasi walikuwa wanatolewa vitini, na wenye nyuso zao walikuwa wanaanza kuwasili.

"Mwanangu," alisema mzee.

"Naam, Mama."

"Pale jukwaani unaposema maneno ya mazoezi. Yale ya kunishukuru mimi. Nayo ni ya mazoezi?"

Kivuli alikuja akapiga magoti kando ya kitanda. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa anafanana na mtu mwingine yeyote.

"Hapana, Mama. Hayo hayakuwa ya mazoezi."

Mzee alitikisa kichwa kwa kukubali, polepole, kama aliyepokea kitu na kukipima uzito. Kisha akafunua shuka.

"Basi chukueni ndege wenu."

Inspekta aliinama. Mkono wa kulia aliupitisha chini ya kitako, wa kushoto akauweka kifuani, na kabla ya kumnyanyua akakumbuka, akakwepesha kidevu.